Baba wa Bibi Harusi Alikuwa Nyuma kwa Swali Moja

Kazi yangu ni kurusha harusi mubashara. Garissa hakuna ukoo usio na watu ng'ambo, na watu wa ng'ambo siku hizi hawataki kutumiwa picha kesho yake. Wanataka kuona wali ukipakuliwa. Kwa hiyo nilinunua mashine ndogo ya kubebwa kwapani, ambayo inafanya kazi za gari zima la televisheni. Inapokea kamera kadhaa, kila moja na kidirisha chake kwenye skrini. Inaunganisha laini za simu tofauti ziwe intaneti moja. Kamera inayoonekana hewani huwaka taa nyekundu, na sisi wenye kazi tunasemezana kwa vipokea sauti vya kichwani bila wageni kusikia.

Sisi wenye kazi ni watatu. Mimi niko mezani, mdogo wangu anapiga picha upande wa wanaume, na mke wangu upande wa wanawake. Picha za mke wangu haziendi hewani, zinarekodiwa tu kwa ajili ya familia, na kidirisha chake nakifunika kwa plasta ya hospitali. Wanaume hawaishi kuja nyuma ya meza yangu kuangalia mashine.

Harusi moja ya mtaani kwetu, baba wa bibi harusi alikuwa dereva wa lori Marekani na hakupata ruhusa ya kusafiri. Sheikh alihitaji kumsikia akimpa uwakilishi wa kumwozesha binti yake. Simu ya kawaida ingetosha, lakini eeddo, yaani shangazi wa bibi harusi, alikataa.

"Ndugu yangu si sauti," aliniambia. "Nataka aonekane, tena mkubwa. Na picha isikatike hata mara moja."

Ili picha isikatike, mashine huishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Kwa mtu anayetazama tu, hiyo ni raha. Nilimwonya eeddo kwamba maneno nayo yatachelewa. Akasema ndugu yake hajawahi kuharakisha jambo lolote tangu azaliwe.

Alasiri ilipofika, baba akajaa kwenye skrini ukutani, amekaa ndani ya lori lake, na nyuma yake asubuhi ya kwao inaanza. Wageni wakamsalimu kwa kelele. Sheikh akasogea.

"Wanisikia?"

Kimya. Sheikh ni mtu wa haraka, akaendelea.

"U hali gani?"

"Nakusikia, sheikh," baba akajibu.

"Umepata kulala?"

"Alhamdulillahi, niko salama."

Sheikh akaridhika, akaingia kwenye jambo lenyewe. "Basi, umeniwakilisha nimwozeshe binti yako kwa kijana huyu?"

"Hapana, wallahi," baba akasema, akipikicha macho. "Bado."

Ami yake bwana harusi, mzee mnene mwenye ndevu za hina, akasimama taratibu.

"Mmetuita hapa kutudharau?"

"Ndiyo," baba akajibu kwa tabasamu pana. "Kwa moyo wangu wote."

Hapo ndipo viti vilipoanguka. Mimi nilikuwa nimeelewa, nikawa napiga kelele kwamba majibu yanachelewa, yako nyuma kwa swali moja, lakini nani amsikilize fundi? Wazee wa pande mbili walikuwa wameshikana makanzu. Mdogo wangu alibaki amemwelekezea sheikh kamera, na sheikh, alipoona taa nyekundu imewaka, akarekebisha kilemba na kutabasamu kwa ajili ya watu wa ng'ambo, huku nyuma yake mtu akivutwa ndevu.

Sauti ya mke wangu ikaniingia sikioni. "Wanawake wanauliza, vigelegele wapige au wanyamaze?"

"Waambie wangoje kidogo."

"Wengine wameshaanza."

Kwenye skrini, baba akashtuka. "Nani anadharauliwa?" Halafu akasikia vigelegele vya upande wa pili, akachanganyikiwa kabisa, naye akainua mikono kuomba dua.

Nikaondoa kule kushikilia picha. Nikamhamishia baba kwenye njia ile tunayosemezana sisi, nikaipitisha kwenye spika, na sheikh nikamvisha vipokea sauti vyangu juu ya kilemba. Sura ya baba ikapasukapasuka vipande vipande, jicho moja likaganda peke yake pembeni.

"Umemharibu ndugu yangu!" eeddo akalia mlangoni.

Lakini sauti ya baba ilifika hapo hapo. Sheikh akaamua kuanza upya, asiache hata swali moja, mpaka akafika kwenye usingizi.

"Umepata kulala?"

"Hapana, wallahi. Bado. Nimeendesha usiku kucha."

Ami wa bwana harusi akamwachia mtu aliyekuwa amemshika. "Sasa muulize lile lingine," akasema.

Sheikh akauliza. Lile jicho lililoganda likajibu, "Nimekuwakilisha, kwa moyo wangu wote," na wanaume wale wale wakakumbatiana. Ndoa ikafungwa. Vigelegele vikapigwa rasmi.

Vipokea sauti sheikh hakunirudishia. Katikati ya dua alinyamaza, akaweka kidole sikioni, kisha akasema mbele ya wote, "Wewe wa kamera, nimekusikia. Vumilia, nyama inakuja." Mdogo wangu akajificha nyuma ya kamera yake.

Chakula kilipoletwa, eeddo aliamuru baba naye ale na watu. Nikamhamishia kwenye simu yangu, tukaiegemeza kwenye birika pembeni ya sinia la wali na nyama ya ngamia. Akatoa mkate kwenye karatasi, akasema bismillah, akala na sisi. Ami wa bwana harusi akawa anasogeza mfupa mnono mbele ya simu kila baada ya muda.

"Kula, shemeji. Wewe hujalala."

Mara mlinzi wa maegesho ya kule akagonga kioo cha lori, akiashiria liondolewe. Baba akamgeuzia simu. Wanaume wote waliozunguka sinia wakainua mikono yenye mafuta na kumtolea salamu kwa sauti moja. Mlinzi akainama kututazama. Kisha akavua kofia.