Watu Kumi wa Barre

Barre, dalali wa soko la mifugo la Garissa, hawezi kukaa na shida ya mtu. Ukimwambia ngamia wako kapotea, kabla hujamaliza keshaita watu. Mkewe, Arbia, humwambia, "Wewe ukiumwa jino utaita mji mzima." Naye hucheka, maana ni kweli.

Nyuma ya boma lake kuna makaburi ya Wayahudi, machache, ya askari waliokufa katika vita vya Mwitaliano. Barre ndiye huyazungushia miiba ili fisi wasifukue, kama alivyofanya babake. Hakuna aliyemtuma. Maiti naye ni jirani, basi.

Mwezi uliopita alikuja mzee Rubeni kutoka Nairobi, Myahudi wa fimbo na Kiswahili safi. Ami yake amezikwa pale. Alilishika jiwe la kaburi, machozi yakamlengalenga.

"Tangu azikwe hajasomewa dua yetu ya wafu," akasema. "Na dua hiyo haisomwi na mtu peke yake. Inataka wanaume kumi. Mimi sina hata wa pili, na kwa umri huu sirudi tena."

"Kumi tu?" Barre akasema. "Ngoja hapo kivulini, adeer, ami yangu."

Akaenda zake sokoni. Akarudi na kundi la wanaume, wachungaji na wachuuzi, na mmoja wao, Bishar, akimvuta mbuzi ambaye alikuwa katikati ya kumuuza. Rubeni alipowaona alicheka hadi akaegemea fimbo, kisha akahuzunika tena. "Barre, ndugu yangu, ni Wayahudi kumi."

Barre akawageukia watu wake, akawatazama. Wayahudi kumi Garissa atawatoa wapi? Aibu ikamshika kwelikweli. Bishar naye akaona mwanya. "Hata sisi dini haituruhusu kumswalia huyu. Twendeni, mnunuzi wangu ataondoka."

"Nani kakwambia umswalie?" Barre akamgeukia, amekasirika. "Mtume, rehema na amani zimshukie, alipitiwa na jeneza akasimama. Akaambiwa, huyo ni Myahudi. Akasema, kwani si nafsi? Basi na wewe simama."

Bishar akasimama. Wote wakasimama, mbuzi akitafuna miiba ya uzio.

Rubeni akawatazama mmoja mmoja. "Walimu wangu wangenikataza," akasema. "Lakini mwenye kuhesabu ni Mungu."

Akavaa kikofia chake, akaanza kusoma kwa moyo, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Sauti ilikuwa ya kizee, inakatika. Alipofika mahali ambapo watu huitikia, akanyamaza kidogo, kwa mazoea tu. Hakutarajia kitu.

"Amin," akasema Bishar.

Wengine wakafuata, Barre akiwa wa mwisho. Mzee Rubeni akalia waziwazi mbele yao, akaendelea kusoma, na kila aliponyamaza wakamwitikia.