Taa za Nyumba ya Kaka

Nyumba ya kaka yangu ilikuwa inawaka taa kila jioni, na ndani hakuna mtu. Ipo kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, huko Machame, karibu kabisa na nyumba ya mama, migomba imeizunguka. Aliijenga kubwa, vigae juu, vioo kila upande, halafu akarudi zake Dar kwa mke na watoto. Nyumba za namna hiyo kwetu ni nyingi. Wenyewe wanapanda mlimani Desemba, wanachinja, wanakula, wanashuka. Wa kwetu Desemba kadhaa alikuwa hajapanda, lakini giza likianza kuingia mama alichukua funguo, akavaa kandambili, akaenda kuwasha: ya sebuleni, ya barazani, na ile ya nyuma inayotazama zizi. Waya umevutwa kutoka kwetu, mita ni moja, na mwenye kuweka umeme kwenye ile mita nilikuwa mimi.

Mimi nilirudi kwa sababu ya mama. Baba alipofariki alibaki peke yake, magoti yakaanza kumgomea, na mara mbili jirani alimkuta amekaa chini njiani akijifanya anapumzika. Kazi yangu ni kujibu wateja wenye malalamiko, kutwa nzima, kwa kompyuta, hedifoni zimenibana masikio. Ofisi ilipoanza kuruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, niliomba, nikafungasha, nikapanda mlimani. Sina mume wala mtoto wa kuniuliza ninakwenda wapi, na hiyo habari tuiache hapo hapo. Sharti lilikuwa moja: saa za kazi nipatikane. Bosi wangu, binti niliyemzidi umri kwa mbali, aliniambia kwa adabu zote, "Dada, nakuamini, ila ukianza kupotea hewani itabidi urudi ofisini." Na mimi nikirudi ofisini, mama anabaki na ng'ombe wake na magoti yake.

Jamani, kazi ya nyumbani inakula umeme! Ofisini hujui, unachomeka tu. Nyumbani kila kitu unakisikia kinakunywa. Nikaanza kubana. Maji tulichemsha mara moja asubuhi, yakaingia kwenye chupa za chai mpaka jioni. Nguo nilipiga pasi za wiki nzima kwa mkupuo. Friji tulilizima usiku, maana Machame mwezi wa sita maziwa hayaharibiki hata ukiyaacha dirishani. Taa mchana hakuna. Nilisogeza meza kwenye dirisha nikawa nafanya kazi kwa mwanga wa nje, ukungu ukishuka naikazia macho kompyuta mpaka kichwa kinagonga. Kwenye mikutano ya video walioniona waliona blauzi safi na hereni. Chini ya meza nilijifunga blanketi na nimevaa mabuti ya kuendea zizini.

Nilichoka. Sisemi uchovu wa kulima, ule unalala unaisha. Huu ni wa kukaa tu, watu wanakufokea masikioni kwa makosa ambayo si yako, na huku jicho moja liko kwenye mita. Mchana mzima nabana, ikifika jioni nasikia kandambili za mama zinaelekea kwa kaka. Pwa, pwa, pwa. Halafu dirisha langu linapata mwanga kutoka kwake.

"Mama, zile taa moja tu haitoshi?"

"Watu wapite waone giza? Waseme kwa fulani wamehama?"

"Si kweli kwamba amehama?"

"Hebu nenda kapange vyombo."

Haya bwana, nikaenda kupanga vyombo.

Mama hakuwa mkaidi kwenye mambo mengine. Nilipomwambia tubane alibana kunipita. Alipita nyuma yangu akichomoa: redio, chaji ya simu, friji lenyewe saa sita mchana. Nilimfundisha kwamba kisichotumika kichomolewe, basi akawa askari. Mara nyingine alichomoa na kile kiboksi cha intaneti, nikapotea hewani, nikakimbilia barabarani kule kanisani mtandao wa simu unakoshika, nikamwomba bosi radhi huku nahema. Nikaandika kwenye karatasi USIGUSE, nikaibandika. Mama akaniambia yeye si mtoto wa kuandikiwa.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa mvua. Tulikuwa na mkutano na mteja mkubwa, wakubwa wa bosi wangu wote wamo, na mimi ndiye niliyepangiwa kueleza tumefanya nini na malalamiko yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasalimia, nikaanza, nikasikia sauti yangu imekaa vizuri. Katikati ya sentensi nyuso zote zikaganda. Nikabofya, nikabofya tena. Nikatoka mbio na simu mvuani, nikateleza kwenye matope hapo mlangoni, na nilipopata mtandao mkutano ulikuwa umekwisha.

Nilimkuta mama jikoni, kwenye jiko la kuni, anamenya ndizi za mtori.

"Mama, umechomoa nini?"

"Kile kinachopepesa macho. Mita ilikuwa inalia hukuisikia, masikio umeyaziba. Nikasema hicho kipumzike kidogo, ili jioni za kaka yako ziwake."

Hasira zilinipanda. "Mimi niliyerudi unanizimia! Yeye asiyerudi unamwashia! Kila siku nakaa gizani hapa kama kuku wa kuatamia, kwa ajili ya nyumba ya mtu ambaye hata simu hapigi!"

Mama aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi moja, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine.

"Wewe nakuona," alisema. "Yule nitamwonaje?"

Niliingia ndani nikavua nguo za matope.

Ujumbe wa bosi ulikuja kesho yake. Alikuwa amenitetea, alisema, lakini wakubwa wamekataa. Mwanzo wa mwezi niwe ofisini, Dar. Nilimsomea mama. Akauliza kama kuna mtu wa kwenda kuongea naye, kama wazee wanavyokwenda kuongea kwa watu. Nikamwambia huko hakuna mtu wa namna hiyo, mama. Akachukua ndoo akaenda zizini.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta amesimama kwenye meza yangu. Kompyuta imefungwa, na juu yake ameweka jani la sale, lile tunalopanda mipakani mwa vihamba. Kwetu ukikosana na mtu, ukamkosea kweli, unamletea sale. Anayeletewa hakatai, hata kama moyo bado unawaka. Nimeona jirani akimletea jirani, nimeona mume akipeleka ukweni. Mzazi kumletea mtoto sijawahi kuona, na sijui kama inaruhusiwa.

"Mama, toa hilo jani. Unanitia aibu."

"Pokea."

"Mama..."

"Pokea, nikakamue ng'ombe."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nililia bila kujificha, na yeye akatoka na ndoo yake. Kulipokucha vizuri tulikunywa chai kama kawaida, tukaongea habari ya mama mdogo, mke wa baba mdogo, ambaye alikubali kuwa anapita asubuhi na jioni kumwangalia.

Dar nilipanga chumba. Joto, feni, mita ya kuchangia na wapangaji wengine wanaogombana kila mara ni nani anayepiga sana pasi. Ofisini umeme ni wa bure na taa zinawaka hata juani. Nilijikuta napita nikizizima, wenzangu wakinicheka. Umeme wa mama niliendelea kuununua kwa simu na kumtumia namba, mama mdogo akawa anamwingizia.

Jioni moja mama mdogo akanipigia, anacheka.

"Yaani we mtoto, umepanda hata hodi hupigi? Nimeona chumba chako kina taa, nikaja na maziwa nikusalimie. Nagonga, kimya."

Nikamwambia niko Dar, mama mdogo, nimekaa kitandani naangalia feni. Akaacha kucheka. Nikakata nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Jikoni. Naota moto."

"Umewasha taa ya hapo?"

"Ya nini? Moto unanitosha, naona."

"Mama, umesahau taa chumbani kwangu. Inawaka bure, umeme utaisha."

Nilisikia kuni zikisukumwa ndani ya mafiga.

"Sijasahau," alisema. "Nimekuwashia."