Tundu Lililoachiwa Nafasi ya Kukulia

Saa tisa na dakika ishirini alasiri nilifungua macho, nikaona saa ya ukutani kabla ya kuona kitu kingine. Kisha nikainua shuka. Upande wa kulia wa tumbo langu, chini kidogo ya kitovu, palikuwa na kitu chekundu chenye unyevu, kikubwa kama nyanya ndogo, ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa kinasogea. Mimi nimelala tuli, chenyewe kinajikaza na kulegea.

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni.

"Papa, funika," alisema. "Funika kwanza."

Tifoidi ilikuwa imetoboa utumbo wangu mwembamba. Daktari alikata sehemu iliyoharibika na, kwa kuwa kuunga siku hiyohiyo kungekuwa hatari, akautoa mwisho wa utumbo nje ya tumbo. Wanauita stoma. Choo kingepitia hapo kwa miezi kadhaa, mpaka waurudishe ndani. Kutengeneza redio na simu, kazi yangu mjini Kamembe, nilijifundisha mwenyewe, lakini hakuna nilichowahi kusoma kilichoniandaa kwa hilo.

Muuguzi alinishika kidole akakipeleka pale. "Gusa, Mzee. Haiumi."

Niligusa. Palikuwa na joto na ulaini, kama ndani ya shavu. Kidole kilihisi utumbo, utumbo haukuhisi kidole. Nilikirudisha haraka, kama mtu aliyemgusa mtu mwingine.

Akatueleza. Choo cha hapo ni majimaji, na hakina saa. Mfuko umwagwe ukifika theluthi. Ninywe maji yenye chumvi na sukari, maana mwili unapoteza vyote viwili. Na majimaji ya choo hicho yana nguvu ya kuyeyusha chakula, kwa hiyo yakikaa kwenye ngozi yanaila. Tundu tunalokata kwenye gundi ya mfuko likumbatie stoma, na tupime kila tunapobadilisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu moja. Gusaba ya binti yetu ilikuwa inakaribia, siku ambayo upande wa kijana huja kuomba mchumba, na baba hukaa mbele ya wote kwa saa nyingi. Mfuko ukivuja pale, aibu ingekuwa ya binti.

Mifuko ishirini ilifika kwa basi kutoka Kigali. Mke wangu ni fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, hushona sare za shule. Alinipima, akachora patroni ya kukatia kwenye karatasi ngumu, akakata matundu ya mifuko yote asubuhi moja. Maduara yalifanana kabisa. Nilimsifu.

Wiki ya sherehe ngozi ilianza kuwaka. Mfuko wa nne ulibanduka nikiwa mezani. Tulipousafisha, niliona duara jekundu lililochubuka, likitoa maji, na gundi haikuweza kulishika. Sikuelewa mwili wangu ulikuwa unajila kwa sababu gani.

Tuliporudi hospitali, muuguzi alielewa mara moja. Aliweka kipimo chake juu ya stoma, kisha juu ya tundu.

"Maman, nani alikata hii?"

"Miye. Nilimupima muzuri, nikaacha nafasi kidogo."

"Nafasi ya nini?"

"Kwetu mafundi muntu tunamupima mara moja. Na haumubane na nguo, akakosa kupumua."

"Umemukatia na nafasi ya kukulia, kama uniforme ya mutoto wa primaire? Stoma haikue, Maman. Baada ya operesheni inavimba, halafu inapunguka kila wiki."

Mimi ndiye niliyecheka, na kidonda kikanikemea. Mke wangu alitazama mikono yake.

Muuguzi alikausha ngozi, akanyunyiza unga wa dawa, akatoa mfuko ambao haujakatwa. Alimpa mke wangu mkasi. "Kata weye. Acha milimita mbili tu."

Jumamosi nilikaa mbele. Wageni wa upande wa kijana, kutoka Gitambi, walizunguka na maneno yao, msemaji wetu akiwakatalia kwa utani, wakarudi tena. Mara tatu nilipeleka mkono chini ya koti. Mara tatu palikuwa pakavu. Ombi lao lilikubaliwa, binti akatoka akatusalimu, nikasimama kumkumbatia bila kujishika tumbo.

Jioni mke wangu alitandaza mezani mifuko kumi na sita aliyoikata, akaijaribu mmoja mmoja kwenye kipimo kipya. Hakuna uliofaa, maana tundu lililokatwa kubwa halipunguziki. Kila mmoja tuliununua kwa faranga elfu nne. Tulipoteza faranga elfu sitini na nne.