Mrithi wa Saba Aliyekatwa na Kompyuta

Juzi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume steshenari pale Lugoba, tunachukua muhtasari wa kikao cha ukoo. Shamba la marehemu baba, lile la mananasi kule Kiwangwa, ndilo linalogawanywa, na mahakama inataka majina ya warithi wote. Jina lisipokuwemo, fungu lako limekwenda. Mdogo wangu akaisoma karatasi mpaka chini. "Sawa kabisa." Akasaini.

Mimi sijui kusoma. Nikamwambia binti wa kompyuta, "Mwanangu, nitajie hayo majina." Akataja, nami nakunja vidole. Akaishia kwenye cha sita.

"Sisi tuko saba. Yuko wapi kitinda mimba, mtoto wa yule mke wa pili wa baba, wa Mkange?"

Binti akashika mdomo. "Yalaa, bibi! Nimeandika kaprogramu kangu ka kupanga maandishi. Nimekaambia mstari ukizidi karatasi kaukate, nikasahau kukaambia maneno yanayobaki kayashushe chini. Narekebisha sasa hivi."

"Acha," mdogo wangu akasema, anaikunja karatasi. "Nimeshasaini."

"Kwani hukuona hayupo?"

"Dada, iliyokata ni kompyuta, si mimi."

Nikamnyang'anya, nikaichana. Binti akachapa nyingine, kitinda mimba wetu akakaa mstari wa chini peke yake, lakini yumo.

Mashine ya watu haikujua inamkata nani. Ila huyu wetu, jamani! Nyumba nzima tulinyimwa shule, akapelekwa yeye mmoja, ili tuwe na mtu wa kutusomea.