Marcelline alivyokata umeme kwa makusudi

Marcelline Cibalonza alizaliwa Nyantende, katika nyumba isiyokuwa na taa. Kwa miaka tisa aliwapigia watu chapa barua zao pale Nyawera, mjini Bukavu: maombi ya kazi, malalamiko ya viwanja, barua za kuachana. Siri za nusu ya mji zilipita vidoleni mwake, wala hakuna hata moja iliyosikika sokoni. Ndiyo maana kliniki ndogo ya akina mama ilimkabidhi orodha yake: majina mia sita ya wanawake, wengi wao wa Shabunda na Mwenga, na kando ya kila jina, jambo alilotendewa. Wako ambao waume zao hawajui mpaka leo.

Orodha hiyo imo ndani ya kompyuta moja ya kliniki, nayo huitikia kwenye poti 5432, mlango wake wa mtandao. Namba hiyo imeandikishwa kwa programu hiyo ya kutunza orodha duniani kote. Mwizi akiikuta wazi, hana haja ya kuuliza nyuma yake kuna nini. Willy, fundi wa kliniki, alikuwa ameifunga kwa watu wa nje, akamwachia Daktari Nathanaël wa Kavumu peke yake; ndani ya kliniki waliifungua Marcelline na daktari wa hapo tu.

Jumatatu moja asubuhi Marcelline alizima wifi ya kliniki kwenye simu yake, akawasha mega zake mwenyewe, intaneti ya kununua kwa simu, akabisha kwenye poti kama mtu wa mbali. Kompyuta ikamjibu. Ikamwomba nywila.

"Willy, mulango iko wazi."

"Haiwezekani, maman. Nilifunga siku ya ine, nikajaribu, ikakatala."

"Na siku ya tano courant haikukatika?"

Willy alikumbuka: ulikatika, Ijumaa hiyo. Umeme ulipokatika, box ya intaneti, ambamo alikuwa ameifungia poti, ilizimika. Ilipowaka tena, ilirudi na sheria zake za zamani za kumfungulia kila mtu, kwa sababu zile mpya hakuwa amezihifadhi. Walifungua kumbukumbu za kompyuta. Tangu Ijumaa, watu wasiojulikana walikuwa wamebahatisha nywila mara elfu nne. Hakuna aliyeipata.

Willy aliandika sheria upya, safari hii akazihifadhi. "Bon, imeisha."

"Bado." Marcelline aliinama, akaichomoa box ukutani.

"Maman! Bukavu muzima inalilia courant, na weye unaikata?"

"Wacha ikatike sasa, tuko tunaangalia."

Alihesabu hadi mia moja, akairudisha. Taa za box zikawaka moja moja, polepole. Akabisha kwa simu: kimya. Akabisha tena: kimya. Kisha akapiga simu Kavumu.

"Docteur, uko unaona orodha?"

"Niko naiona, maman. Sasa unacheka nini?"

Saa tano aliingia mwanamke mgeni, vumbi la safari likiwa bado kwenye kitenge chake. Hakukaa. Aliitazama kompyuta.

"Jina yangu itasomwa na nani?"

Kwa miaka mingi Marcelline alilijibu swali hilo kwa maneno ya kupoza moyo tu. Siku hiyo aliinua kichwa.

"Mimi na badocteur mbili. Watu tatu. Nimeangalia mimi mwenyewe leo asubui."

Mwanamke alivuta kiti. Akataja jina lake, na la baba yake, na la kijiji chao, bila kuulizwa. Marcelline akaandika, mgongo wake umenyooka.