Ugonjwa Aliotungiwa Mama Cécile

Ungemwuliza mtu yeyote wa Bukavu anayeishi Brussels habari za Papa Tharcisse, angekuambia ni mwanamume aliyetulia. Kanisani hakosi, pombe hagusi, na ugomvi na mtu hana. Na kweli alikuwa ametulia. Kilichokuwa kinamla nacho hakikuwa na kelele.

Alikuwa ameshavuka hamsini, akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wazee huko Etterbeek. Asubuhi mashuka, mchana mashuka. Mkewe alimwacha miaka mingi nyuma, akaolewa na mwingine Liège, na tangu hapo Tharcisse aliishi peke yake Schaerbeek, chumba kimoja na jiko, tramu zikipita chini ya dirisha. Watu husema upweke hauui mwanamume. Uongo mtupu. Tharcisse alikuwa akisonga ugali wa mtu mmoja na kuula amesimama, na kuna wiki alizomaliza bila kutamkiwa jina lake na binadamu yeyote nje ya kazi.

Mwaka 2018 akamjua Chloé. Kumjua huko kulikuwa kwa simu tu. Chloé alikuwa mmoja wa wanawake wanaoweka picha na video zao za utupu mtandaoni, na anayetaka kuziona hulipa ada kila mwezi. Ada yenyewe ilikuwa euro kumi, bei ya sahani ya pondu, yaani kisamvu, na samaki pale Matonge, mtaa wa Wakongo. Tharcisse akajiambia kumi si kitu. Waliopanga biashara ile wanajua vizuri kwamba kila mtu hujiambia hivyo. Kumi ilikuwa ya kuingia mlangoni tu, na ndani kila chumba kilikuwa na kufuli yake. Picha hii, lipa. Video ile, lipa. Ukitaka akujibu, mtumie bakshishi kwanza.

Na alijibu! "Bonjour, mon Tharcisse." Si utupu uliomnasa, kwa maana utupu umejaa mtandaoni bure kwa anayeutaka. Kilichomnasa ni kuitwa "Tharcisse wangu", kuitwa wa mtu. Kama ni Chloé mwenyewe aliyekuwa akiandika au kijana fulani aliyelipwa kuwaandikia mamia ya wanaume, Tharcisse hakutaka kujua. Chloé akikaa kimya, alijiandikisha kwa mwingine, kisha kwa mwingine tena, halafu akarudi kwa Chloé na zawadi ya kuomba radhi, kana kwamba alikuwa amemkosea. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kwamba haba na haba hukikomba kibaba hicho hicho mpaka chini. Benki ilimruhusu kutumia zaidi ya alichonacho, kisha ikamtoza riba kwa ruhusa hiyo. Mshahara ukiingia ulikuta shimo, ukatumbukia humo. Mwisho akaacha kabisa kutazama akaunti yake, maana aliona haya hata mbele ya simu yake mwenyewe.

Maji yalipozidi unga, akakumbuka likelemba. Ni ule mchezo ambao wengine huuita upatu: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanachangiana, na mmoja anaondoka na fungu lote. Chama chao kilikutana katika saluni ya Maman Bibiane, ndani ya Galerie d'Ixelles, viti vya kusukia vikiwa vimegeuzwa kutazamana. Zamu zilipangwa kwa kura, na kuruka zamu ili upewe mapema kulikubaliwa kwa mambo matatu tu: ndoa, msiba au ugonjwa wa mzazi. Zamu ya Tharcisse ilikuwa mbali. Hakuwa na ndoa, na hakuwa na msiba.

"Maman Bibiane, niko na problème," alisema Jumapili moja ya Oktoba, macho yakiwa sakafuni. "Mama yangu iko malade kule Bukavu. Balimupeleka hospitali. Donc naomba munipatie tour ya mwezi hii."

Hakuna aliyebisha. Maman Bibiane, mwenye saluni na mwenye kauli katika chama, akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, papa. Mama ni mama. Utakamata wewe." Kisha akanyoosha mkono. "Alors, tupatie numéro yake. Hatuwezi kutoa feza ya mugonjwa bila kumusalimia mugonjwa."

Hilo Tharcisse alilijua tangu utotoni, na siku hiyo alikuwa amelisahau. Kwa watu wa kwao, mchango wa ugonjwa bila salamu kwa mgonjwa ni matusi. Angesema nini? Kwamba mama hana simu? Wote walijua kwamba yeye ndiye aliyemnunulia. Akataja namba. Maman Bibiane akapiga, akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mama Cécile? Ni sisi, batoto bako ba Brussels. Tharcisse alituambia uko malade, balikupeleka hospitali. Tunakuambia pole, mama."

Kule Kadutu, mtaa wa Bukavu alikoishi mama, kukawa kimya. Tharcisse alisikia kuku, akasikia mtu akipiga ndoo, mambo ya uani kwao yote akayasikia isipokuwa sauti ya mama yake. Akafumba macho. Siku nyingine zote za maisha yake hakuwahi kuogopa namna ile.

"Aksanti, batoto bangu," mama akasema hatimaye. "Ni kweli, nilikuwa malade. Lakini sasa niko mieux. Mungu abapatie baraka." Kisha akauliza, "Tharcisse iko hapo?"

"Iko hapa, maman."

"Mumwambie asikuwe na mawazo mingi. Akule vizuri."

Wanawake wakapangusa macho. Tharcisse akapokea bahasha kwa mikono miwili na kutoka akipita kando ya maduka ya mahindi na pilipili bila kumsalimu mtu. Alijiapiza kumpigia mama yake siku ile ile, amweleze, amwombe msamaha. Hakupiga. Angeanzaje? Mama naye hakuuliza. Si siku ile, si baadaye, kamwe.

Zile fedha ziliziba sehemu ya shimo. Kwa siku chache Tharcisse alitembea kifua mbele kama mtu aliyelipwa jasho lake. Kisha Chloé akatangaza video ya pekee kwa wale "waaminifu", na Tharcisse, masikini, alijihesabu mwaminifu.

Tangu alipofika Ulaya alikuwa akimtumia mama yake pesa kila mwezi. Mwezi wa Novemba alipopiga simu kusema zitachelewa, mama, aliyeishi na Ushindi, dada yake Tharcisse, akamkatiza.

"Hapana tuma kitu, mwana wangu. Ushindi anauzisha muzuri sokoni. Tuko na kila kitu."

Desemba ikawa hivyo. Januari vilevile. Mtoto mwenye akili angeshtuka, maana mama Mkongo anayemwambia mwanawe wa Ulaya asitume kitu ana jambo. Tharcisse hakushtuka. Alipata nafuu, na hapo mimi ninayesimulia nashindwa kumtetea. Zile pesa ambazo hakumtumia mama alizipeleka zilikokwenda nyingine zote, kwa Chloé.

Mwezi wa Machi, akiwa kazini, simu ikatikisika mfukoni. Alikuwa dada yake, Ushindi, ambaye hakuwahi kupiga saa za kazi.

"Kaka, mama ametuacha."

Akaketi juu ya kapu la mashuka machafu. Ushindi alieleza huku akilia: ni sukari, iligunduliwa Novemba, mguu ukaoza, na juma la mwisho mama alipoteza fahamu, hakuamka tena.

"Novemba? Juu ya nini hamukuniambia?"

"Mama alikatala! Ile siku bale bantu ba Brussels balimuita, alikuwa muzima, anapepeta muchele. Alimaliza kuongea, akatuambia: Tharcisse iko na shida kubwa. Muntu hawezi kusema mama yake ni mugonjwa kama hana shida. Hapana mumuombe kitu. Dawa ilikuwa cher, kaka. Alikuwa anakunywa nusu, nusu anaweka ya kesho."

Tharcisse akashusha simu. Mashine zilikuwa zikizunguka na mwenzake akamwuliza kwa Kifaransa kama anaumwa. Akasema hapana.

Chama chote kilikuja kumpa pole nyumbani kwake Schaerbeek, na vyakula, na viti vya kuazima. Waliimba, wakaomba. Maman Bibiane akasimama katikati ya chumba kile kidogo na kumsifu mbele ya watu: huyu ni mtoto kweli, tangu Oktoba anapigania mama yake, ameruka zamu kwa ajili ya mama yake, Mungu ameona. Tharcisse alikuwa akilia kwa sauti, na kila mtu akaelewa alivyotaka kuelewa. Kwa kuwa yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, na kwao mzaliwa wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, walichangishana nauli ya ndege. Wengi walituma kutoka simu zao, kwa benki. Waliomba namba ya akaunti naye akaitaja, kama alivyotaja ile namba nyingine, akili ikiwa mbali.

Kesho yake alipokwenda kulipia tiketi, kadi ilikataa. Benki wakamweleza kwa upole kwamba akaunti ilikuwa imezama kupita kiwango kwa muda mrefu, na chochote kinachoingia hujaza kwanza shimo. Alisema ni fedha za mazishi ya mama yake. Msichana wa dirishani alisikitika kwa dhati. Akasema mashine haijui mazishi.

Angerudi kwa Maman Bibiane? Angesema nini, aanzie wapi? Alikuwa ameshaomba likizo kazini. Akateremsha pazia, akazima redio, na siku ambayo watu wake walidhani yuko angani kuelekea Kigali, njia ya kwenda Bukavu, alikuwa amelala kitandani Schaerbeek na viatu miguuni.

Siku ya mazishi Ushindi akapiga kwa video. Tharcisse akapokea, maana hakuweza tena kutopokea. Akaona mvua ya Bukavu, miavuli, udongo mwekundu, na sanduku likiwa limeshashushwa. Watu walikuwa wamesimama bila kufanya lolote.

"Kaka, uko wapi? Maman Bibiane aliniambia balikupatia ticket. Pasteri anakungojea weye."

Nyuma ya Ushindi mjomba wao alikuwa ameshika koleo, akitazama njia ya kutokea barabarani.

"Ushindi," akasema, "mwambie tonton aanze."

"Aanze? Bila weye?"

"Aanze."

Ushindi alimtazama. Alitazama ukuta ulio nyuma yake, pazia lililoteremshwa, taa iliyowaka mchana. Hakuuliza tena. Akageuza simu ili kaka yake aone, na mjomba akatupa udongo wa kwanza.