Ndare za Milima ya Shafa

Nyambura ana mdomo, lakini si mdomo wa kuomba. Muuza kuku wa soko la Sharafiya akimpa kuku aliyelala tangu jana, atamgombeza kwa Kiarabu cha kuokoteza mpaka ambadilishie. Jambo lake mwenyewe likimfika kooni, analimeza. Mimi ni dereva wa nyumba anamofanya kazi, huko Al-Rawdah, Jeddah, na tabia yake hiyo imenikera tangu siku nilipomjua.

Mwaka huu hakuwa na nafasi ya kumeza. Mama yake, kule Kinangop, alikuwa anapoteza macho. Jicho moja lilishakwisha, na daktari alisema la pili halitafika Krismasi. Nyambura ndiye mtoto wake wa pekee. Kwenye simu mama huyo hakulia, alisema tu, "Rudi nyumbani nikuone."

Mkataba ulikuwa umeisha tangu mwaka jana, lakini Saudia hutoki bila kibali cha mwajiri. Bosi, ambaye kazi yake iko Riyadh na kwa familia huja Alhamisi jioni tu, hakumkatalia waziwazi. Kila akiombwa alijibu, "Muulize mama." Huyo ni mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Na Mama Kabira hataki kulishwa na mtu mwingine. Aliletewa mfanyakazi mwingine, Magdaline, kwa majaribio, akafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa mpaka Magdaline akarudishwa. Tangu hapo jibu lake kwa Nyambura likawa neno moja tu: mafi. Hakuna kwenda.

Jeddah ikianza kuchemka, familia hupanda Shafa, milimani juu ya Taif, alikozaliwa Mama Kabira. Kwenye mabonde ya huko kuna vichaka vya miiba vinavyozaa vitunda vyeusi, vyenye maji, vinavyoacha rangi vidoleni. Nyambura alipoviona mara ya kwanza alikaa chini akacheka.

"Hizi ni ndare," aliniambia. "Kwetu zinajaa kando ya mto."

Mimi ni wa Siaya. Nilimwambia kwetu tunakula samaki, hatupigani na miiba. Lakini yule bibi naye alikuwa amekula ndare utotoni, na wawili hao wakaelewana papo hapo. Kuchuma ndare kukawa shughuli yao ya kila Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa nyuma na kiti cha bibi na fimbo ya kuinamishia matawi.

Ijumaa ninayoisema, bosi alikuwa anarudi Riyadh kwa ndege baada ya sala, na kutoka huko angeenda safari ya kikazi ya miezi. Tukishuka bondeni nilimnong'oneza Nyambura.

"Huyu msee akipanda ndege leo, imeisha hivyo. Ongea na shosh, mwambie ya macho ya mama yako," nilisema, nikimwonyesha bibi kwa kidevu.

"Nitaongea."

"Ulisema hivyo last week."

"Jackton, niache kwanza."

Nilimwacha. Alichuma haraka mno, mpaka miiba ikamchana mikono, naye hakuonekana kuisikia. Bibi alikaa kwenye kiti chake, bakuli mapajani. Jua lilipanda. Simu yangu ikaita: bosi, yalla, turudi.

Mama Kabira alichagua ndare iliyonona kuliko zote, akamnyooshea Nyambura, kama alivyozoea kufanya kabla ya kuondoka. Nyambura aliipokea kwa mikono miwili. Hakuila. Aliiweka kiganjani, akapiga magoti.

Nilielewa, maana mimi ndiye niliyemsimulia. Kwa watu hawa, mgeni mwenye haja nzito akipewa kahawa huiweka chini, haigusi mpaka mwenyeji amkubalie. Nimewamiminia wanaume kahawa sebuleni kwa bosi nikaiona ikipoa mbele yao. Lakini hao huja kuomba mchumba, au msamaha wa damu iliyomwagwa. Mfanyakazi hamfanyii hivyo bibi wa nyumba. Nilitamani ardhi ipasuke inifiche.

"Kula," alisema Mama Kabira.

"Nina haja, mama."

Bibi alikitazama kile kiganja, kisha akamtazama Nyambura. Alikaza uso.

"Nani amekufundisha haya?"

Mimi nilitazama mawe.

"Mama yangu macho yanaondoka," Nyambura alisema. "Nataka anione kabla hayajakwisha. Mwambie bosi aniache niende. Usiponikubalia, siili."

Simu ikaita tena. Nikaikata, kitu ambacho sijawahi kumfanyia bosi. Bibi akatumbukiza mkono bakulini, akatoa ndare moja, akaiweka kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Na mimi nina haja," alisema. "Mama yako akishakuona, utarudi kwangu?"

Hapo nilimwombea Nyambura aseme uongo. Ni wangapi wameahidi kurudi, wakapanda ndege Jeddah, na hawajaonekana tena? Hakuna anayewalaumu. Nilimkazia macho nyuma ya bibi, nikaitikia kwa kichwa kwa niaba yake, ndiyo, ndiyo, sema ndiyo.

"Hapana, mama," Nyambura alisema huku analia. "Akipofuka atakuwa na mimi tu. Sitarudi."

Nikasema moyoni, halas, yameisha, ameharibu. Na kweli nilimkasirikia.

Bosi mwenyewe alikuwa anakuja mbio mtelemkoni, kanzu ameishika juu, akiniuliza kwa nini nakata simu na ndege haimsubiri mtu. Mama yake alimnyamazisha.

"Mkatie Nyambura tiketi," alisema. "Kabla hujapanda ndege yako."

"Mama, nani atakutunza?"

"Nimeshamkubalia."

Bosi alimwona Nyambura magotini, akaona kilicho kiganjani mwake. Alitoa simu yake, akaanza kutafuta tiketi.

"Kula sasa," bibi alisema, na Nyambura akala, akilia na kutafuna kwa pamoja.

Mwanawe alimpa Mama Kabira mkono ainuke. Bibi alitoa wa kushoto. Wa kulia, wenye ile ndare yake ambayo hakuila, alikuwa ameufumba, na nilipomfungulia mlango wa gari ulikuwa bado umefumbwa, maji meusi yakimtoka katikati ya vidole.